Karatasi ya utafiti wa kibofu: nitie sahihi?

“Daktari, salaam. Mimi ni mama wa miaka 56, mzaliwa wa Mombasa, niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Tangu mwaka juzi mkojo hunibana ghafla, na nikichelewa kidogo tu unanitoka. Mchana naenda mara 12 au 13, usiku mara 3. Udhu haukai, na safari ya basi imekuwa mtihani. Nilipewa oksibutinini, mdomo ukakauka kama nimelamba majivu, nikaacha baada ya wiki 3. Nameza pia dawa ya presha, hidroklorothiazidi, na huimeza nikienda kulala ili nisisahau. Sasa kliniki wamenipa karatasi: utafiti wa dawa mpya ya kibofu, wiki 12, dawa bure, vipimo bure, na dola 60 kila nikienda. Mwanangu amekasirika, asema wanataka kunifanya panya wa majaribio. Dada yangu wa Mombasa asema ni baridi ya huko tu, ninywe tangawizi na nipunguze maji. Fomu ina kurasa 22 za Kiingereza. Nitie sahihi? Na nikipewa ile ya bandia, si nitakuwa nimepoteza miezi mitatu bure?”

Shikamoo mama. Umeuliza kama utie sahihi, na ndani ya swali hilo naona hofu mbili: kutumiwa, na kupotezewa muda. Zote mbili zina msingi, nitazijibu. Ila kuna jambo moja umelitaja kwa kupita tu, nalo ndilo lililonifanya nirudie barua yako: kidonge cha presha unachomeza ukienda kulala. Tutakifikia kabla ya fomu.

Kwanza kibofu chenyewe. Kibofu cha mtu mzima hubeba takriban mililita 400 hadi 500, chupa ndogo ya maji. Kikikaribia nusu, mishipa ya fahamu hupeleka habari juu kwamba huku kunajaa. Ubongo hujibu: ngoja kidogo. Msuli wa kibofu hutulia, mlango wa chini hubaki umefungwa, na mtu huendelea na shughuli zake hata saa nzima nyingine. Wewe umepanda matatu za Mombasa, unamjua yule makanga mwenye haraka anayegonga bodi kabla steji haijafika, dereva akakanyaga breki na abiria wakayumba. Kibofu chako kina makanga wa namna hiyo. Gari halijajaa, steji bado, yeye keshagonga. Msuli unajikunyata bila kungoja ruhusa, unakimbia chooni, na kinachotoka hakijazi hata kikombe cha chai. Vitabuni tatizo hili lina jina refu la kibofu kinachofanya kazi kupita kiasi. Mimi kliniki nasema kibofu chenye pupa, na wagonjwa hunielewa upesi zaidi.

Wengi huniambia kwamba balaa huanza ufunguo ukiwa tayari ndani ya kitasa. Safari nzima kutoka kazini walivumilia, ila mkono ukigusa mlango wa nyumbani mkojo unataka kutoka hapohapo. Hizo si njozi. Ubongo umejifunza kwamba nyuma ya mlango ule kuna choo, basi unalegeza zuio mapema. Sauti ya bomba hufanya vivyo hivyo, na baridi pia, kwa hiyo maneno ya dada yako yana ukweli kidogo. Baridi huchokoza kibofu chenye pupa, lakini haikiumbi. Hilo la kupunguza maji ndilo nisilokubaliana nalo. Mkojo ukiwa mzito hukiwasha kibofu zaidi, na choo kikubwa kikiwa kigumu hukigandamiza kutokea nyuma. Ukitaka kupunguza kitu, punguza kahawa na chai ya rangi, hasa baada ya alasiri, kwa sababu kafeini huongeza mkojo na huuchokoza ule msuli.

Sasa kidonge. Hidroklorothiazidi hushusha presha kwa kukukojoza. Huanza kazi kama saa mbili baada ya kumezwa, hufika kileleni karibu na saa ya nne, na huendelea kwa saa 6 hadi 12. Ukikimeza saa nne usiku, basi kuanzia saa sita hadi alfajiri figo zako ziko kazini, nawe unahesabu safari za chooni ukidhani kosa lote ni la kibofu. Siwezi kusema nikiwa mbali kwamba safari zako tatu za usiku zinatokana na kidonge hiki. Nasema tu kwamba swali hili linajibika bila gharama yoyote, na lijibiwe kabla ya utafiti. Mwulize daktari anayekutibu presha kama kinaweza kuhamia asubuhi. Usikihamishe mwenyewe, wala usikiache. Kuna sababu ya pili ya kutangulia na jambo hili: ukikihamisha katikati ya utafiti na usiku wako ukatulia, hakuna atakayejua kilichokutuliza ni nini. Ndiyo maana watafiti wengi hutaka dawa zako nyingine zisibadilike tangu mwanzo hadi mwisho.

Uhakikishe pia kwamba tatizo ni hili hasa. Mkojo unaotoka ukikohoa, ukicheka au ukimnyanyua mzee kitandani ni habari nyingine: hapo mlango wa chini umelegea, na dawa za kutuliza msuli wa kibofu hazitausaidia. Unaotoka baada ya kubanwa ghafla ndio wa pupa. Wanawake wengi wa umri wako wana yote mawili, na watafiti watakuuliza ni upi unaozidi. UTI nayo huiga dalili hizi, na sukari pia. Kipimo cha mkojo na cha sukari viwe vimefanyika. Nimeona kina mama waliomeza antibiotiki mara tano kwa mwaka kwa “UTI” ambayo haikuwahi kuonekana kwenye kipimo chochote.

Tuje kwenye utafiti. Daktari wako wa kawaida anajiuliza: nini kitamfaa mama huyu? Mtafiti anajiuliza: dawa hii inashinda kutokuwa na dawa? Ni maswali mawili tofauti, hata kama anayeuliza ni mtu yuleyule mwenye koti jeupe lilelile. Ukiingia kwenye utafiti unasaidia kujibu la pili. Ukipata nafuu, shukuru, lakini fomu haikukuahidi. Watu wengi hutia sahihi wakiamini kwamba “dawa mpya” maana yake “dawa bora”, ilhali kama wangekuwa na uhakika huo utafiti wenyewe usingehitajika.

Kompyuta itapiga kura. Upande mmoja watapata dawa, upande mwingine watapata kipozauongo, au plasebo kama wengine wanavyoiita: kidonge kinachofanana na dawa kwa rangi na umbo, ila hakina dawa ndani. Wewe hutajua uko wapi, na daktari atakayekupima hatajua. Kinaruhusiwa katika ugonjwa kama huu kwa sababu wiki 12 bila dawa hazihatarishi maisha, na kwa sababu unaweza kutoka siku yoyote.

Je, waliopewa kipozauongo hupoteza muda bure? Chukua mirabegroni, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Matokeo ya tafiti zake tatu kubwa za wiki 12 yalipojumlishwa, waliomeza miligramu 50 walipunguza safari za chooni kwa takriban 1.75 kwa siku. Waliomeza kipozauongo walipunguza takriban 1.2. Soma tena tarakimu hizo, mama. Dawa ilishinda, na ushindi huo ni wa kweli, lakini tofauti kati ya pande mbili ilikuwa kama nusu ya safari kwa siku. Sehemu kubwa ya nafuu walishiriki wote.

Nafuu hiyo ya kipozauongo si uchawi wala ujinga wa mgonjwa. Watu hujiandikisha wakati hali imekuwa mbaya kupindukia, na hali mbaya mara nyingi hupungua yenyewe. Halafu kuna daftari. Utapewa chombo cha plastiki chenye alama za mililita, cha kukinga mkojo, na daftari la siku tatu: saa, kiasi, ulibanwa vipi, ulitokwa au hukutokwa, ulikunywa nini. Siku ya pili utaona kwa macho yako kwamba umekimbilia chooni kutoa mililita 90, na kwamba lile la alfajiri lilikuwa 350. Kibofu kinaweza kubeba 350, basi kwa nini kilie kwa 90? Mtu akishaliona hilo huanza kuvumilia dakika tano, kisha kumi. Daftari limekuwa mwalimu, na hakuna aliyekusudia.

Lijaze palepale, tafadhali. Mgonjwa wangu mmoja aliniletea daftari la siku tatu lililoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, mistari imenyooka kama ya karani, na kila haja ilikuwa mililita 200 kamili. Nilimtazama, akacheka. Alikuwa amelijaza ndani ya daladala akija kliniki. Kwangu ilikuwa kicheko tu. Kwenye utafiti, madaftari kumi ya namna hiyo yanaweza kuifanya dawa nzuri ionekane haifai, au mbovu ionekane inafaa.

Mambo huenda hivi kwa kawaida. Unaanza na siku ya kuchujwa: historia yako, mkojo, damu, moyo, na altrasaundi ya kuangalia mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Wanaweza kukukataa hapo hapo, na kukataliwa si tusi. Kama ungali kwenye dawa nyingine ya kibofu utaambiwa uiache, mara nyingi kwa wiki mbili, na majuma hayo huwa magumu. Kisha vidonge, na kurudi kliniki kila baada ya wiki nne au hivi. Kama wiki 12 zitaangukia Ramadhani, waambie mapema. Saa za kumeza dawa zitabadilika, unywaji wa maji utahamia usiku, na daftari lako litaonyesha kitu ambacho si kazi ya dawa. Kuhusu udhu wa mtu asiyeweza kuuzuia mkojo, fikihi ina nafasi yake kwa mwenye udhuru. Hilo mwulize sheikh, mimi si mtu wake.

Mwanao naye asikilizwe. Maneno “panya wa majaribio” hayakuanguka kutoka mbinguni. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaambia ukweli, na hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida hawakupewa. Kutokana na aibu hiyo ilipitishwa sheria ya utafiti ya 1974, na ndiyo asili ya bodi za maadili zinazopitia kila jaribio la dawa huko uliko, pamoja na hiyo fomu ya kurasa 22. Hasira ya kijana wako ina historia. Mpe fomu aisome pamoja nawe badala ya kubishana naye. Nitaongeza kwamba tafiti kubwa za kibofu zimejaa wazungu, na mimi ninayewatibu watu wetu ningependa kuona dawa hizi zikijaribiwa kwa watu wanaofanana nasi pia. Hiyo ni sababu ya mtu kufikiria kushiriki. Haimlazimishi mtu yeyote.

Katika kurasa zile 22, ukurasa ambao ningeuanza mimi ni ule unaoeleza itakuwaje ukidhurika. Sheria ya Marekani inaitaka fomu iseme wazi kama kuna matibabu au fidia ukipata madhara. Haimlazimishi mwenye dawa kulipa fidia hiyo. Fomu moja itasema kampuni italipia matibabu, nyingine itasema bima yako itatozwa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko dola 60. Haiwezi hata hivyo kukutaka uzitupe haki zako za kisheria. Ukiona sentensi ya namna hiyo, simama hapo hapo. Na sheria hiyo hiyo inataka upewe maelezo kwa lugha unayoielewa. Kiingereza chako cha kazini huenda ni kizuri sana, lakini Kiingereza cha mawakili ni lugha nyingine. Omba mkalimani wa Kiswahili bila haya, asiwe mwanao, kwa maana kuna maswali kuhusu hedhi na unyumba utakayoyameza ukiwa mbele yake.

Uliza dawa ni ya kundi gani. Ile oksibutinini, pamoja na tolterodini na solifenasini, huzuia asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli wa kibofu ujikunyate. Tatizo ni kwamba kemikali hiyo hiyo huamuru tezi za mate na utumbo, ndipo ukapata mdomo wa majivu, na wengine hufunga choo. Matumizi ya miaka mingi ya kundi hili yamehusishwa pia na kupungua kumbukumbu uzeeni. Kuhusishwa si kuthibitishwa, ila kwa mtu wa miaka 56 nisingelipuuza. Mirabegroni na vibegroni hupita njia nyingine: huulegeza msuli wakati kibofu kinajaa, mdomo hausumbuki sana. Lakini mirabegroni inaweza kupandisha presha, na haifai kabisa kwa mwenye presha kali isiyodhibitiwa, 180 kwa 110 na kuendelea. Kama dawa ya utafiti ni ya ukoo huu, waambie presha yako ilisomaje mara tatu za mwisho.

Uliza pia wiki ya 12 ikiisha inakuwaje. Mara nyingi vidonge vinakwisha siku hiyo hiyo, na dawa haipo dukani kwa sababu haijaidhinishwa. Umepata nafuu, halafu unarudi ulikotoka. Kuhusu pesa, ni malipo ya nauli na usumbufu, huhesabiwa kuwa kipato, na wanaweza kukuomba namba yako ya hifadhi ya jamii. Utafiti halali hauombi ada ya kujiunga. Namba yake ya usajili huanza na NCT ikifuatwa na tarakimu nane, unaweza kuitafuta kwenye ClinicalTrials.gov. Kuonekana pale hakumaanishi serikali imeusifu. Kunamaanisha tu umesajiliwa na unaweza kusoma wanachotafuta.

Kwa wasomaji walioko nyumbani: Tanzania jaribio la dawa lazima lipite TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba; Kenya, Bodi ya Dawa na Sumu pamoja na kamati ya maadili inayotambuliwa. Ombeni kuona barua za vibali. Anayekasirika kuulizwa vibali, muage.

Sasa rai yangu, mama, kama ungekuwa umekaa mbele yangu. Nisingetia sahihi wiki hii. Umejaribu dawa moja kwa wiki tatu, kidonge cha presha kiko saa isiyofaa, na husemi kama uliwahi kufundishwa mazoezi ya kibofu. Hayo ni mambo ya kufanya kabla ya mtu kujitolea wiki 12 kwa swali la wengine. Mazoezi yenyewe ni haya: ukibanwa, usikimbie. Simama au keti, kaza misuli ya chini haraka haraka mara tano kama unayezuia upepo, vuta pumzi, ngoja wimbi lipite, kisha nenda kwa mwendo wa kawaida. Ongeza dakika chache kila wiki. Matokeo huonekana baada ya wiki sita hadi nane, na yanachosha, sitakudanganya. Mwongozo wa 2024 wa Chama cha Madaktari wa Mkojo cha Marekani hauwalazimishi tena wagonjwa kupanda ngazi za tiba moja moja, kwa hiyo unaweza pia kuomba dawa ya kundi la pili mapema, au kuuliza juu ya tiba ya kusisimua neva ya kifundo cha mguu: nusu saa kila wiki, kwa wiki 12. Sindano ya Botox kwenye kibofu ipo pia, ila takriban wagonjwa 6 kati ya 100 hushindwa kukojoa kwa muda na huhitaji mpira wa kutolea mkojo.

Ukishafanya hayo na bado unateseka, utafiti ni njia ya heshima, na utaingia ukijua hali yako halisi. Hasara ni kwamba huenda nafasi zikawa zimejaa. Hilo ningelikubali. Ungekuwa umejaribu dawa mbili au tatu zikashindwa, ningekwambia kinyume: isome fomu, uliza maswali haya, uingie.

Usingoje utafiti wala jibu la mtandaoni ukiona damu kwenye mkojo, homa na maumivu ya ubavu, mkojo kuziba kabisa, miguu kulegea au ganzi sehemu za siri. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo uso au midomo ikivimba baada ya kumeza dawa yoyote mpya, ya utafiti au ya dukani.

Anza daftari Jumatatu, siku tatu, kwa jagi lolote la jikoni lenye alama ambalo halitarudi jikoni. Lichukue uende nalo kwa daktari wa presha pamoja na chupa ya kidonge chako. Tangawizi ya dada yako haina neno, mradi isiwe ndani ya chai ya rangi ya saa tatu usiku.